Zizi Linapouzwa: Daftari la Mama na Haki ya Warithi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watu wa pwani tumezoea kuitaja methali hii dukani, pale mwenye duka anapokopesha unga na sukari pasi na kuandika. Leo tunakuomba, ndugu msomaji, uende nayo bara, katika kaunti ya Kiambu, kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa yaliyo baina ya Ruiru na Thika. Huko familia nyingi hukaa kitako kujadili jambo moja: shamba la marehemu baba liuzwe au lisiuzwe? Miongoni mwao zimo familia za Kiislamu, na baadhi yao ni jamaa zetu wa damu na wa ndoa. Mabinti wa Thika wameolewa Mombasa na Malindi, na vijana wa Lamu wamekwenda kusoma Juja wakaoa huko huko.

Makala haya hayakusudii kumshauri mtu auze au asiuze. Yanakusudia kuonyesha kwamba haki ya mama na ya mabinti katika shamba la mifugo ni nadra kupotea siku ya kugawana fedha. Aghalabu huwa imekwisha kupotea zamani, siku ya kuhesabu, wakati kila kilichomo ndani ya ua kilipoandikwa kuwa ni cha marehemu na hakuna aliyesema neno.

Familia ya mfano

Ili tufahamiane vyema, tuchukue familia ya mfano. Baba amefariki, wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, mmoja wao ameolewa Mombasa. Ameacha ekari 8 zenye hati miliki, nyumba ya mawe yenye paa la mabati, mabanda mawili ya ng'ombe, ghala la majani makavu na kisima. Zizini wamo ng'ombe 12: mbuguma wanaokamwa, mitamba na ndama. Kwa muda wa miaka mingi mama amekuwa akiamka kabla ya alfajiri kusimamia ukamaji, na juu ya kabati la jikoni amehifadhi daftari anamoandika maziwa ya kila siku, ng'ombe aliyepandwa, ndama aliyezaliwa, na dawa iliyonunuliwa.

Sasa dalali amefika. Pengine amefika hata kabla eda ya mama haijaisha, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane asiye mja mzito hutakiwa kuikaa kwa utulivu nyumbani kwake. Dalali ana mnunuzi mwenye fedha taslimu, na mnunuzi huyo ana haraka. Kijana mdogo anaingia chumbani na karatasi mkononi: "Mama, tia sahihi tu. Mengine tutayamaliza sisi."

Kabla mama hajashika kalamu, na tutazame kwanza haraka hiyo imetoka wapi.

Ardhi iliyobadilika jina

Nchi ya baina ya Ruiru na Thika ilikuwa makazi na malisho ya wenyeji kabla ya walowezi kuichukua mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja wa walowezi hao, Mmarekani William Northrup McMillan, alianzisha shamba kubwa la Juja, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikaribishwa humo. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Mkonge, kahawa na ng'ombe vikatawala mandhari. Mwafrika aliyefanya kazi katika mashamba hayo hakuruhusiwa kwa urahisi kufuga ng'ombe wa maziwa wa kigeni kwa faida yake. Mlango huo ulifunguka zaidi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliohimiza wakulima Waafrika kulima mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa aina bora.

Mpango huo ulikuja na upimaji na usajili wa ardhi, na humo ndimo lilimozaliwa tatizo tunalolizungumzia. Katika Kiambu kama mahali pengine, jina lililoandikwa juu ya hati kwa kawaida lilikuwa la mwanamume, mkuu wa nyumba. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za wananchi, kisha yakagawanywa. Mwanamke alilima, alikama, alichota maji na kuuza maziwa, ilhali karatasi haikumtaja.

Kisha ikaja barabara. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na barabara ya mchepuko wa mashariki ikaiunganisha Ruiru na Barabara ya Mombasa. Mashamba ya kahawa ya karibu na Ruiru yakageuka kuwa mji mpya wa Tatu City wenye ekari zipatazo 5,000. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wasiofika 240,000 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 490,000. Katika muda wa miaka kumi mji uliongezeka mara mbili, na kila aliyehamia alihitaji mahali pa kulala.

Hapo ndipo bei ya shamba ilipoacha kupimwa kwa maziwa ikaanza kupimwa kwa viwanja. Ekari 1 ina futi za mraba 43,560, na kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Mnunuzi mwenye kuona mbali haoni zizi anapoingia langoni. Anaona viwanja saba au vinane katika kila ekari, akishatoa njia. Hakuna ng'ombe awezaye kushindana na hesabu hiyo, na si aibu kwa familia kuikubali. Lakini ni muhimu ifahamike kwamba haraka ni ya mnunuzi. Familia haina sababu ya kuiazima.

Nini hasa kinachouzwa?

Sisi wa pwani tuna mazoea ambayo yanaweza kutuponza huko. Mombasa mtu ameweza kumiliki nyumba ya Kiswahili ilhali kiwanja ni cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mashambani, minazi ilikuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Kwetu kitu kilicho juu ya ardhi na ardhi yenyewe vyaweza kuwa mali mbili.

Thika na Ruiru, juu ya ardhi yenye hati, mambo sivyo yalivyo. Kwa sheria ya Kenya, kilichojengwa kikashikamana na ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Mkataba ukitaja ekari 8 ukanyamaza, basi nyumba, mabanda, ghala, kisima, ua na miti vimekwenda pamoja nazo, na mama aliyefikiri ameuza ardhi na kubakiwa na nyumba atajikuta hana pa kulala. Wanyama ni kinyume chake: hawamo katika uuzaji wa ardhi mpaka watajwe. Baina ya hayo mawili vimo vitu vya kugombaniwa: mashine ya kukatia majani, tangi la maji, pampu ya kisima, hori za chuma, mizinga ya nyuki, majani ya nepia yaliyomo shambani, na sileji iliyofukiwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika orodha nne: ardhi, majengo, wanyama, na vyombo. Kila kitu kiandikwe mahali pake, na mbele yake iandikwe kama kinauzwa, kinabaki, au kinahamishwa na kwa muda gani. Kama pana makaburi, yaandikwe pamoja na njia ya kuyafikia. Kama baba alitenga sehemu ya ardhi kwa msikiti au madrasa na kuiweka wakfu, sehemu hiyo haimo katika mirathi wala haiuzwi, na ushauri utafutwe kwa wanazuoni na kwa Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa.

Kabla ya thumuni

Sasa tufungue daftari la mama, kwa kuwa hapa ndipo pana uzito.

Mafundisho ya mirathi tunayasikia sana misikitini. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mumewe akiwa ameacha watoto. Kinachobaki huenda kwa watoto, mwana wa kiume akapata mafungu mawili na binti fungu moja. Katika familia yetu ya mfano hesabu inatoka bila mkatiko: mama fungu 1, kila binti fungu 1, kila mwana mafungu 2. Jumla ni mafungu 8. Ekari 8 zingegawanywa ekari kwa ekari.

Lakini thumuni ni hatua ya mwisho. Kabla yake yapo mambo ambayo fikihi huyatanguliza: gharama za maziko, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia wake usiozidi theluthi na usiokuwa wa mrithi. Mahari ambayo mume hakuyalipa ni deni. Mama ambaye aliahidiwa mahari akapewa nusu, naye hakusamehe kwa hiari yake, anadai nusu iliyobaki kama mdai mwingine yeyote, na hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu. Wanawake wengi huona haya kulitaja. Haya ni pambo, lakini haki ya mtu haifutiki kwa kuonewa haya.

Na kabla ya hayo yote lipo swali ambalo mara nyingi haliulizwi: ni kipi kilichokuwa cha marehemu, na ni kipi kilichokuwa cha mkewe? Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake peke yake. Ndoa haiichanganyi na ya mume. Ng'ombe aliyepewa na babake siku ya harusi ni wake. Mtamba alionunua kwa faida ya kuku wake ni wake, na ndama waliozaliwa na mtamba huyo ni wake. Kufa kwa mume hakuwageuzi ng'ombe hao kuwa mirathi.

Tuseme daftari linaonyesha kwamba kati ya ng'ombe 12, wanne ni wa mama kwa njia hizo. Basi mirathi ni ng'ombe 8. Mama anachukua wanne wake, kisha anapata fungu lake katika wanane, ambalo ni sawa na ng'ombe 1. Jumla watano. Sasa tuseme hakuna daftari, au lipo na hakuna aliyelifungua. Ng'ombe wote 12 wanaandikwa kuwa ni wa marehemu, na mama anapewa thumuni ya wote, yaani thamani ya ng'ombe mmoja na nusu. Kila mtu pale atasema sheria imefuatwa, na hakuna aliyenuia kudhulumu. Hata hivyo mama amepewa thumuni ya ng'ombe wake mwenyewe.

Tumetumia idadi ya vichwa ili hesabu ionekane. Katika kugawa kweli kweli huangaliwa thamani, kwa sababu mbuguma wa kukamwa na ndama wa juzi hawalingani. Lakini kanuni ni hiyo hiyo, nayo inafika hata kwenye majengo. Kama binti mwalimu alilipia banda la pili kwa mshahara wake, ulikuwa mkopo, zawadi, au ushirika? Jibu lenye ushahidi wa maandishi litawaweka ndugu pamoja. Jibu la kubahatisha litawafarikisha.

Majina katika barua

Marehemu hawezi kuuza, na mtoto hawezi kuuza kwa niaba yake kwa sababu tu ndiye mkubwa. Sheria ya Kenya inamkataza mtu kuishughulikia mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Waislamu wana njia ya Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeipa mamlaka katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kukubali kuisimamia kesi yao huko.

Katika safari hiyo karatasi ya kutazamwa kwa makini ni ile inayoonekana ndogo: barua ya chifu inayotaja warithi. Jina likiachwa humo, mwenye jina atahangaika kulirudisha. Wanaoachwa aghalabu ni mabinti walioolewa mbali. Husemwa, "Yeye yuko kwa mumewe, ana nini cha kutaka huku?" Ndoa haimtoi binti katika mirathi ya babake, na umbali wa Mombasa na Thika haupunguzi fungu. Dada aliye pwani aombe nakala ya barua hiyo kwa simu, aisome, na ahesabu majina kwa kidole.

Mrithi anayehofia kwamba ardhi itauzwa kisiri anaweza, kwa msaada wa wakili, kuomba zuio liwekwe katika daftari la msajili wa ardhi, lile ambalo wengi huliita kaveti. Kufanya hivyo si kuvunja udugu. Ni kuomba watu wazungumze kabla jambo halijaharibika.

Kuuza kote si njia pekee

Dalali hutaka ekari zote kwa sababu ndilo lililo jepesi kwake. Familia ina njia nyingine, na zizungumzwe zote mezani.

Njia ya kwanza ni warithi kupeana nafasi. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, mshirika ana haki ya shufaa: mwenzake akiuza sehemu yake kwa mtu wa nje, mshirika anastahiki kuichukua kwa bei ile ile. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo inataka mmiliki wa pamoja apate kibali cha maandishi cha wenzake kabla ya kumpa mtu wa nje fungu lake, ingawa wenzake hawaruhusiwi kukinyima bila sababu ya maana. Mama na binti mmoja wakitaka kuendelea na ng'ombe, wanaweza kuwanunulia wengine mafungu yao.

Njia ya pili ni ile wanazuoni waiitayo takharuji: mrithi mmoja akubali kwa ridhaa kupokea kitu maalumu, fedha au ng'ombe, akatoka katika mirathi, na wengine wakabaki na ardhi. Sharti lake ni ridhaa ya kweli na ujuzi wa thamani. Mtu aliyetolewa kwa bei asiyoijua hakuridhia, alinyamaza tu.

Njia ya tatu ni kuuza sehemu. Ekari 8 zikiuzwa 6, mama akabakiwa na 2 zenye nyumba, kisima na banda moja, ng'ombe wachache waweza kulishwa kwa nepia na majani ya kununua, kama wafanyavyo wafugaji wengi wa Kiambu ambao hawana malisho. Kugawa ardhi kunahitaji mpimaji mwenye leseni na kibali cha serikali ya kaunti, na kuchukua muda. Muda huo usiogopwe.

Kumwuza ng'ombe kwa uaminifu

Ikiwa wanyama wanauzwa, wauzwe kwa mkataba wao wenyewe. Kila mmoja atajwe kwa alama yake, umri, mara alizozaa, na maziwa anayotoa. Hapa daftari la mama hugeuka kuwa mali: ng'ombe mwenye rekodi huuzika vizuri kuliko ng'ombe mwenye sifa za mdomo.

Na kila aibu isemwe. Ng'ombe aliyewahi kutupa mimba, aliyepata ugonjwa wa kiwele, aliyeugua ndigana, asiyetulia wakati wa kukamwa, mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikataza hila ya kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Wanazuoni huiita tasriya. Aliyedanganywa hivyo ana siku tatu za hiari, na akimrudisha mnyama hutoa pamoja naye pishi 1 ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Haifai pia kuuza ndama aliye tumboni peke yake, kwani hajulikani atazaliwa hai au mfu. Mamake akiuzwa naye yumo tumboni, hapana ubaya.

Ng'ombe hawasafirishwi ovyo. Kibali cha kuwahamisha hutolewa na afisa wa mifugo, na huweza kuzuiwa wakati wa maradhi kama ya midomo na kwato. Anayefikiri kuwaleta ng'ombe wa kizungu pwani akumbuke joto letu, kupe wetu na mbung'o. Ng'ombe aliyezoea baridi ya Thika aweza kupungua maziwa hata akilishwa vyema.

Wala asisahauliwe aliyewachunga. Mfanyakazi wa shamba naye ana haki zake. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka anayeachishwa kazi kwa sababu kazi yenyewe imekwisha apewe ilani ya mwezi mmoja, alipwe malimbikizo yake, na apate malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Deni la kijakazi na mchungaji ni deni la marehemu kama deni la benki.

Njia ya karatasi

Mkataba wa ardhi uandikwe na wakili wa muuzaji, si wakili wa dalali. Upekuzi ufanywe kwa msajili wa ardhi ili ijulikane kama hati ina rehani. Kama ardhi ni ya kilimo na imo katika eneo linalosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, kibali cha bodi ya ardhi huombwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba, na bila kibali hicho mkataba ni batili. Ardhi ya kilimo haiuzwi kwa asiye raia katika bodi hizo ila kwa idhini maalumu. Wajumbe wa bodi mara nyingi huuliza: mke yuko wapi, watoto wanajua? Hiyo ni fursa. Mama aende mwenyewe, akae mbele, na akiulizwa ajibu kwa kauli yake.

Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Muuzaji ana kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Ipo misamaha, kwa mfano kwa baadhi ya ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50 iliyo nje ya manispaa, na kwa nyumba ambayo mtu aliishi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuiuza. Lakini Ruiru na Thika ni manispaa, na mpaka wa mji umesogea. Ulizeni mshauri wa kodi kabla ya kukubaliana bei, msije mkagawana fedha ambazo sehemu yake ni ya serikali.

Arubuni ya asilimia 10 ni desturi, na isilipwe mkononi. Na fedha zikimalizika kulipwa, kila mrithi apokee fungu lake katika akaunti yake mwenyewe. Familia nyingi huziingiza zote kwa kaka mmoja "kwa usalama", akiwa na ahadi ya kugawa. Kaka huyo aweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini naye aweza kuugua, kudaiwa, au kufa. Tusimbebeshe amana ambayo benki inaweza kuigawanya kwa siku moja.

Mama atalala wapi?

Turudi chumbani, kwa mama na kalamu. Bei imetajwa, karatasi iko mezani, kijana anangoja. Maswali ya mama ni matatu tu, na ana haki ya kuyauliza kwa upole na kuyarudia mpaka yajibiwe. Ng'ombe wangu wameandikwa wapi? Majina ya dada zako yote yamo? Nami nitalala wapi usiku wa kwanza baada ya mnunuzi kufunga lango?

Kijana akiwa na majibu, hakuna kilichopotea ila siku chache. Akiwa hana, basi hizo siku chache ndizo zilizoiokoa familia. Mnunuzi wa kweli hungoja. Na asiyeweza kungoja barua ya chifu na kibali cha mahakama, huenda alikuwa anatafuta familia ambayo haijahesabu.

Kwetu sisi tulio pwani, hatuna zizi Ruiru, lakini tuna minazi, nyumba za urithi, mashua, vyerehani, vikuku vya dhahabu na majokofu yaliyonunuliwa kwa fedha za mkeka na mahamri. Nani anajua kipi ni cha nani? Ukiwa hai na mumeo yu hai, na mnapendana, ndio wakati mwema wa kuandika. Nunueni daftari la kawaida la shule. Usiku mmoja baada ya Isha, mezani, andikeni pamoja: hiki changu, hiki chako, hiki tunashirikiana, deni hili tunadaiwa, mahari yamebaki kiasi hiki. Mtie sahihi nyote wawili, mashahidi wawili waweke zao, na mtoto mmoja aliyebaleghe aambiwe linakowekwa.

Kisha liwekeni juu ya kabati la jikoni, na kila kitu kinaponunuliwa au kuuzwa, liongezeni mstari.